Mishahara Waliyonitajia

Jumatatu, 3 Machi

Mvua ya kwanza ilianguka jana alasiri, na leo barabara ya kiwandani imekuwa uji. Afisa wa Kazi amefika kutoka mjini akiwa amevua viatu na kuvishika mkononi. Ni mwanamke wa makamo, si mwingi wa maneno. Amenikabidhi fomu hamsini.

Idara yake inataka kujua kila kazi inalipwaje mjini na inalipwaje huku: fundi wa msumeno, dereva, mpishi, mlinzi, mpakiaji. Kampuni yenye kiwanda hiki cha mbao ndiyo yenye kile cha mjini. Mashine ni zile zile, na magogo wanayopasua kule hutoka huku. Ikionekana kwamba mtu wa huku anapata chini ya theluthi mbili ya anachopata mwenzake wa mjini, kima cha chini cha hapa kitapandishwa mwaka huu. Isipoonekana hivyo, kitabaki kilivyo kwa miaka mitatu.

Nilimwuliza kwa nini asichukue orodha kwa karani wa kiwanda.

"Wamenipa, mzee wangu. Wamenipa wastani wa viwanda vyote viwili. Ukishachanganya maziwa na maji, nani atakuonyesha maji yako wapi?"

Kwa hiyo kila mfanyakazi ataulizwa mwenyewe, atajibu, atatia saini. Masharti ni mafupi: andika jibu kama lilivyotolewa, usimsaidie anayejibu, usimsahihishe. Fomu ziwe mezani kwake tarehe 30 Aprili.

"Na kwa nini mimi?"

"Kila niliyemwuliza njiani alikutaja wewe. Wanasema wote wamepita mikononi mwako, na hakuna awezaye kukudanganya."

Niliiongoza shule ya hapa kwa miaka thelathini na mmoja. Maneno yale yalinifurahisha kuliko yalivyostahili.

Jumatano, 5 Machi

Nimemweleza binti yangu, ambaye ninakaa nyumbani kwake tangu mama yake afariki. Mumewe ni fundi mkuu wa msumeno, mtu mpole, asiyekunywa pombe. Amekwisha kusema kwamba kima kisipopandishwa, mvua zikiisha ataondoka kwenda kutafuta nafasi katika kiwanda cha mjini, na mkewe abaki hapa na watoto watatu. Nilidhani binti yangu atafurahi kusikia kwamba jambo hilo limewekwa mikononi mwangu.

Alikuwa akichambua mchele. Hakuinua uso.

"Baba, mpe mtu mwingine kazi hiyo."

"Mtu gani?"

"Yeyote. Mgeni."

Nilimwambia kwamba mgeni hawezi kujua nani anasema kweli. Akasema, "Haya," kwa sauti ambayo marehemu mama yake aliitumia alipokuwa hakubaliani nami.

Jumatatu, 10 Machi

Nimeanza kazi. Nimewekewa meza kwenye baraza ya kantini, kwa kuwa ndipo mahali pekee pasipovuja. Wafanyakazi walipanga foleni hadi kwenye jiko, na kila aliyejibu alisikiwa na wote.

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori la magogo, wanayemwita Gia Tano ingawa lori lenyewe halijaiona gia ya tano tangu linunuliwe.

"Laki na nusu, Mwalimu."

Mpishi wa kantini, Mama Pacha, alidakia kutoka jikoni: "Laki na nusu! Basi hiyo nusu unampa nani? Maana mkeo amevaa viatu nilivyovitupa mimi."

"Mama Pacha, angalia sufuria yako isiungue."

"Sufuria yangu ina maji matupu, itaunguaje?"

Watu wakacheka, nami nikaandika laki na nusu. Ilipofika zamu ya Mama Pacha, alijifuta mikono, akaja karibu, akashusha sauti. Alikuwa wa pili katika darasa lake, na mimi ndiye niliyemsomea matokeo mbele ya wazazi.

"Elfu themanini, Mwalimu."

Gia Tano alikuwa nyuma yake na alisikia. Nilitazamia amlipizie. Alitazama mvua.

Wa mwisho leo alikuwa mlinzi wa getini, mzee aliyenizidi umri. "Elfu thelathini," alisema, "na kila mwaka wa pili, shati. Mimi hukunifundisha, Mwalimu. Wewe huna la kunidai, nami sina la kukuringia."

Niliona ni utovu wa adabu. Nikaandika.

Jumanne, 11 Machi

Mvua kutwa. Wamejibu watatu.

Ijumaa, 14 Machi

Wapakiaji. Wote wametaja kiasi kimoja, kama watoto walionakiliana mtihani. Wote wametia saini.

Jumatatu, 17 Machi

Leo ilikuwa zamu ya mkwe wangu. Alivua kofia, akasimama ingawa kiti kilikuwapo.

"Laki na themanini, Baba."

Ni kiasi kile kile alichonitajia miaka minane iliyopita, alipokuja na wajomba zake kumposa binti yangu, nami nikamwuliza mbele ya wote atamlisha nini. Iliingia akilini mwangu kwamba miaka minane ni mingi kwa mshahara kusimama mahali pamoja. Lakini masharti hayaniruhusu kumhoji anayejibu. Alitia saini na kurudi kwenye msumeno bila kuvaa kofia, na mvua ikamnyeshea.

Alhamisi, 20 Machi

Mto umepanda hadi kwenye mbao za daraja.

Jumatatu, 24 Machi

Fomu thelathini na nane zimejazwa. Nimezilinganisha na jedwali la mjini aliloniachia Afisa. Fundi wa msumeno wa mjini hupata laki mbili na ishirini. Wa huku, kwa mujibu wa fomu, laki na themanini. Dereva, laki na sabini kwa laki na nusu. Mpishi, elfu tisini na tano kwa themanini. Ukimwondoa mlinzi, hakuna hata mmoja aliye chini ya theluthi mbili.

Nakiri kwamba nilipumua. Nilijiambia kuwa wanafunzi wangu hawakuonewa kama inavyosemwa.

Nilimweleza binti yangu wakati wa chakula cha mchana. Mumewe alikuwa kazini.

"Baba, unayaamini hayo?"

"Wametia saini."

"Sikukuuliza kama wametia saini. Huoni tunavyokula?"

Nilimjibu kwamba nyumba yenye laki na themanini ikila hivi, kosa si la mshahara bali la mpangilio. Nimekuwa nikiliwaza hilo kwa miaka kadhaa bila kulisema: kwamba binti yangu hajui kutunza. Leo nimelisema. Alikusanya sahani, hata ya mtoto ambaye hajamaliza, akatoka.

Jumatano, 2 Aprili

Mvua. Binti yangu ananisalimu na kunihudumia. Hazungumzi nami.

Jumanne, 8 Aprili

Saa nne asubuhi king'ora cha kiwanda kililia bila kukoma. Nilikuwa kwenye baraza ya kantini nikipanga fomu. Mama Pacha alitoka jikoni akasimama, mwiko mkononi. Hakuna aliyekimbia mara moja. Kila mtu alikuwa akihesabu wa kwake.

Alikuwa wa kwangu. Gogo lilikuwa limelowa kwa mvua ya siku nne na ganda lake lilikuwa limeanza kubambuka. Mkwe wangu alilisukuma kwenye meza ya msumeno, ganda likatoka chini ya kiganja chake kama utelezi wa sabuni, na mkono wa kulia ukatangulia mbele. Kulikuwa na bati la kukinga meno ya msumeno. Liling'olewa mwaka juzi ili magogo mazito yapite haraka. Wapakiaji wanasema kule mjini bati hilo lipo.

Walikuwa wamemkalisha kwenye rundo la vumbi la mbao, na vumbi lile lilikuwa likinywa damu. Aliponiona alijaribu kusimama. Mtu amekatika mkono, na bado anataka kusimama kwa heshima ya baba mkwe wake. Nilimwambia akae. Nadhani nilimwambia kwa ukali.

Gia Tano alimwaga magogo yote pale pale njiani bila kumwuliza mtu, akatupakia. Binti yangu alikuja mbio, akaingia nyuma pamoja na mumewe chini ya turubai, nami nikawekwa mbele. Darajani maji yalikuwa yakipita juu ya mbao. Gia Tano alisimamisha lori, akayatazama.

"Mwalimu, wewe unasali?"

"Nasali."

"Basi endelea. Mimi nina kazi nyingine."

Tulivuka. Tulifika hospitali baada ya mwendo wa saa tano. Vidole vitatu vilikuwa vimekatika, na cha nne daktari amekiondoa. Kimebaki kidole gumba na sehemu ya kiganja.

Njiani kurudi Gia Tano alipunguza mwendo tulipokaribia kijijini. Kisha akasema, "Mkono ule ndio uliochonga madawati yote ya shule yako." Sikuwa nimelisahau.

Jumamosi, 12 Aprili

Amerudi nyumbani. Anakula kwa mkono wa kushoto, uso ameuelekeza ukutani.

Jumatatu, 14 Aprili

Karani wa kiwanda amekuja na karatasi ya fidia. Alikaa kwenye ukingo wa kiti. Sheria, alisema, hutoa mishahara ya miezi kadhaa kulingana na kiungo kilichopotea. Akasoma: mkono wa kulia, vidole vinne, miezi kumi na minane. Mshahara wa mwezi, elfu tisini.

Nilimwambia kuna kosa.

Karani alimtazama binti yangu. Binti yangu alinitazama mimi.

"Hakuna kosa, Baba," alisema.

"Ametia saini mbele yangu laki na themanini."

"Elfu tisini. Zilikuwa sabini tulipooana."

Mkwe wangu alikuwa amelala chumba cha pili, mlango wazi. Kitanda kililia, alikuwa amegeukia ukutani.

Nilimsindikiza karani hadi njiani, nikamwuliza mkono kama ule ungelipwaje mjini.

"Mara mbili na zaidi, Mwalimu. Kule wanalipwa laki mbili na ishirini." Alifungua mwavuli. "Mkono haupimwi kwa mizani. Unapimwa kwa mshahara."

Nilirudi ndani. Binti yangu alikuwa akiosha bandeji kwenye karai. Kwa miaka minane amewalisha watu watano, na baadaye sita nilipohamia mimi, kwa elfu tisini na kile nilichokuwa nikimpa, nami nimekaa katika kiti bora cha nyumba yake nikimwona mbadhirifu. Nilimwambia, "Nilikukosea." Akasema, "Shika upande huu tukamue." Tukakamua.

Jumanne, 15 Aprili

Sikutoka. Nimefikiri.

Hawakumdanganya Afisa wa Kazi. Walinidanganya mimi. Kila mmoja wao alisimama mbele ya meza ile kama alivyosimama mbele ya dawati langu, na nyuma yake wenzake wakisikiliza. Niliwaambia kwa miaka thelathini na mmoja kwamba asomaye hulipwa. Angeniambiaje Mama Pacha, wa pili darasani, kwamba pengine hulipwa kidogo kuliko anayefagia ofisi mjini? Na mkwe wangu angenitajiaje elfu tisini, wakati nilimpa mke kwa laki na themanini?

Kuna jambo jingine, na sijapata kuliandika popote. Mimi mwenyewe nililipwa mshahara wa shamba. Mwalimu mkuu wa mjini, tuliyehitimu naye chuo kimoja mwaka mmoja, alipewa posho ya nyumba na posho ya mji, mimi sikupewa. Alipata karibu mara mbili yangu. Hapa kijijini nilisema kwamba serikali inatulipa sawa. Marehemu mke wangu peke yake ndiye aliyejua. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Nami niliyaficha, kisha nikawafundisha wengine kuyaficha.

Jumatano, 16 Aprili

Nimezunguka nyumba kwa nyumba, mvua ikinyesha, kuwaomba waitaje mishahara yao upya. Nimekataliwa kote. Wapakiaji wamesema, "Tulichosema tumesema." Gia Tano alikuwa chini ya lori lake, nikazungumza na miguu yake.

"Mwalimu, kila siku uliniambia nisome niwe mtu. Sasa nikuambie utu wangu ni elfu sitini?"

"Ndiyo. Niambie."

"Nipishe, naomba. Mafuta yatakuchafua."

Alhamisi, 17 Aprili

Saa sita nilikwenda kantini wakati wote wanakula. Nilisimama. Kwa mazoea walinyamaza.

Niliwatajia mshahara wangu wa mwisho kazini. Nikawatajia wa mwenzangu wa mjini. Nikawatajia pensheni yangu ya leo, ambayo ni elfu arobaini na tano. Nikasema kwamba kwa miaka thelathini na mmoja niliwaambia uongo juu ya jambo hilo, na kwamba wakiendelea kunionea haya watakuwa wananionea haya bure.

Mvua ilipiga mabati. Mtu mmoja aliweka kijiko mezani. Ndipo Mama Pacha aliposema kutoka jikoni, bila kujitokeza:

"Elfu thelathini na tano. Na nina miaka kumi na sita kwenye jiko hili."

"Elfu sitini," alisema Gia Tano. "Na viatu vya mke wangu, ndiyo, ni vya Mama Pacha."

Hakuna aliyecheka sana. Walikuja mezani mmoja mmoja. Fomu mpya nilikuwa nazo kumi na mbili tu. Waliobaki niliwaandikia kwenye karatasi za daftari, wakatia saini, nikazibana pamoja na fomu zao za Machi. Thelathini na mmoja wamerekebisha. Mkwe wangu sikumwendea. Binti yangu aliniletea karatasi yake mwenyewe. Saini ilikuwa ya mkono wa kushoto, haisomeki.

Jumatano, 23 Aprili

Daraja limechukuliwa na maji.

Jumatatu, 28 Aprili

Gia Tano amenivusha mto kwa kamba. Kutoka hapo nimetembea, kisha nikapata gari la mchanga.

Jumanne, 29 Aprili

Nimefika ofisini kwa Afisa wa Kazi siku moja kabla ya muda kwisha. Alinipa kiti na chai. Alizisoma fomu zote, na karatasi zote. Ilichukua saa nzima.

"Mzee wangu, mfanyakazi mmoja, mwandishi mmoja, majibu mawili. Wakili wa kampuni ataniuliza walidanganya lini, Machi au Aprili. Nitamjibu nini?"

"Mwambie Machi."

"Karatasi ya fidia inathibitisha mmoja tu. Kwa wengine atasema Aprili. Atasema mwandishi ni baba mkwe wa mtu aliyeumia, anayetaka kima kipandishwe ili fidia iongezwe. Nawe utaapa kwamba sivyo?"

Alisukuma kikombe changu pembeni, akazitenganisha za Machi na za Aprili, akaniwekea mafungu mawili mbele yangu.

"Nikipeleka za Machi, itaandikwa kwamba kituo chenu kinatosheka. Za Aprili siwezi kuzipeleka. Au nikiondoe kituo kabisa, kisihesabiwe."

"Kisipohesabiwa?"

"Mtabaki na kima cha zamani. Miaka mitatu."

"Na vituo vingine vya mashamba?"

"Vimeleta vitatu. Machimbo, shamba la maua, kiwanda cha ngozi." Alinyoosha kingo za fomu. "Vitapandishwa. Kule waliandikiwa na vijana tuliowatuma kutoka hapa, wasiomjua mtu."

Nikamwambia akiondoe kituo chetu, uongo wa Machi usiandikwe kuwa kweli. Alinipa fomu ya kuondoa, nikatia saini yangu.

Jumapili, 4 Mei

Nimewaeleza. Niliitisha mkutano kantini, nikasema yote, pamoja na habari za vile vituo vitatu. Mpakiaji mmoja aliuliza, "Kwa hiyo angekuja mgeni tungepata?" Nikajibu ndiyo. Walitoka taratibu. Mama Pacha peke yake ndiye aliyeniaga.

Jumatatu, 12 Mei

Mvua zimeshaisha. Gia Tano ameondoka na watu wanne kwenda mjini. Hakupita kuniaga, na sina haki ya kulalamika.

Alhamisi, 15 Mei

Tangazo la kima kipya limebandikwa ofisini kwa karani. Jina la kiwanda chetu halimo.

Jumatatu, 19 Mei

Fidia imelipa hospitali na karo ya mwaka. Mjini mkwe wangu hawezi tena kwenda. Hakuna kiwanda kinachomchukua fundi wa msumeno mwenye kidole kimoja mkono wa kulia. Leo kampuni imempa kazi ya getini. Mlinzi mzee ameambiwa apumzike. Nilikwenda kumtazama nyumbani kwake. Alikuwa ameketi mlangoni amevaa shati la kampuni.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, mkwe wangu alikuja uani nilipoketi. Alivuta kigoda, akakaa. Hajawahi kukaa mbele yangu bila kuambiwa.

"Baba, getini wananipa elfu thelathini."

"Nimesikia."

"Na wewe una arobaini na tano."

"Arobaini na tano."

Binti yangu alitoka ndani, akasimama nyuma yake. Mkwe wangu aliokota kijiti kwa mkono wa kushoto, akakivunja vipande kumi na tano, kila kimoja elfu tano, akaanza kuvipanga chini: unga, mafuta ya taa, sabuni, dawa ya kidonda, daftari za watoto. Nami nikataja vile alivyovisahau. Tulikwenda siku kwa siku tangu mwanzo wa mwezi, tukipunguza, bila kufichana. Vipande vilikwisha tukiwa tumefika tarehe kumi na tisa.